Kufuli Mbili za Tangi Moja

Wapendwa, mnaokaa karibu na mlango sogeeni mbele, viti vipo. Maneno ya leo hayataki kusikilizwa kwa mbali.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani aliyechaguliwa kuwa mwakilishi wa wadi yake kwenye bunge la kaunti. Jina lake Mghoi. Kabla ya siasa alikuwa fundi cherehani, na uchaguzi aliushinda kwa kura kumi na nane. Kumi na nane tu! Basi yeye na wenzake waliochaguliwa wakaitwa mjini, wafundishwe kwa siku tano namna ya kuongoza watu. Mghoi alikwenda kwa furaha. Alikuwa na daftari jipya na vazi jipya, na kila alipoitwa mheshimiwa alijiona amerefuka kidogo. Nani kati yetu asingerefuka?

Siku ya tatu mwalimu wa semina alifunika vitabu vyake.

"Kesho hakuna darasa," alisema. "Kila mmoja arudi kwake, amtafute mtu aliyempinga hadharani, amuulize: Kama ningekuwa mfanyakazi wako, ungenituma wapi? Ukitumwa, nenda. Wala usijitetee."

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa Mghoi. Mpinzani wake alikuwa anamjua. Ni Mama Wakesho, muuza ndizi, aliyepanda juu ya kreti la soda wakati wa kampeni akatangaza kwamba afadhali apigie kura jiwe, maana jiwe halidanganyi mtu.

Asubuhi Mghoi alibisha hodi kwake. Akauliza swali lake. Mama Wakesho alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe, mfanyakazi wangu?"

"Ndiyo, dada. Kwa leo."

"Basi kanichotee maji." Akamkabidhi mtungi wa lita ishirini.

Mghoi alifungua mdomo aeleze kwamba swali halikuwa na maana hiyo, kwamba lilihusu mipango na maendeleo. Akakumbuka alivyoagizwa, akaufunga. Alimwambia dereva aliyemleta amsubiri, akavua viatu vya visigino, akaanza kupanda mlima pekupeku.

Huko kwenye chemchemi alikuta foleni ya akina mama kama thelathini. Walipomwona wakaanza kunong'onezana. Lakini alipofungua kilemba chake akakikunja kuwa ngata ya kubebea mtungi, mmoja aliangua kicheko, na kicheko kikapita foleni nzima. Wakampisha apate mahali pa kukaa. Alisubiri saa mbili. Alisikia habari za migongo inayouma, na za watoto wanaofika shule wamechelewa kwa sababu ya maji. Ndipo akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu alipopita njiani.

"Na lile tangi kubwa pale chini? Si tulilichangia sisi sote? Mbona mnakuja mpaka huku?"

"Lina maji tele," alijibu mama wa mbele yake. "Lakini bomba lake lina kufuli mbili."

"Za nani?"

"Moja ya Mama Wakesho."

Moyo wa Mghoi uliruka kwa furaha. Sasa amempata! Yule mwenye maneno makali, kumbe ndiye anayewatesa watu!

"Na ya pili?"

Akina mama walitazamana.

"Ya pili ni yako, mheshimiwa."

Wapendwa, hebu jiwekeni mahali pake. Mghoi aliapa kwamba hajawahi kununua kufuli maishani mwake. Akampigia simu Mwakio, aliyekuwa wakala wake katika kampeni.

"Ni kweli, mheshimiwa," Mwakio alijibu kwa majivuno. "Nilifunga siku ile tuliposhinda. Wajue nani ana wadi! Nilifanya kwa heshima yako."

"Mwakio, lete ufunguo. Sasa hivi. Na uje mbio."

Alishuka mlima na mtungi wake kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, akakutana na Mwakio njiani, akachukua ufunguo, akautua mtungi mlangoni kwa Mama Wakesho. Hakusema mimi sikujua. Hakumtaja Mwakio. Aliunyoosha mkono wenye ufunguo.

"Dada, kufuli yangu naifungua leo. Nisamehe."

Mama Wakesho akafungua fundo la leso yake akatoa ufunguo wake.

"Nami nilifunga kwa sababu wewe ulifunga," alisema. "Nikakutuma maji nione kama utakwenda mwenyewe au utamtuma dereva."

Wakaenda pamoja. Kufuli zikaanguka. Bomba lilikohoa, likatema maji ya kahawia, kisha yakaja meupe, kwa nguvu, yakawalowesha wote wawili. Vigelegele vikapanda mpaka kwenye chemchemi, na akina mama wakateremka mbio na mitungi mitupu, wakimwagiana maji kama wasichana.

"Lakini kura yangu bado sikupi!" Mama Wakesho alipaza sauti.

"Usinipe," Mghoi alijibu, akijifuta macho kwa kicheko. "Nipe sabuni, nimejaa kutu ya bomba lako."

Sasa, ndugu zangu, mmecheka vizuri. Mmewacheka watu wa kaunti. Na sisi je? Wewe mwenyekiti wa kwaya, wewe baba wa nyumba, wewe mama mkwe, unaweza kuapa kwamba hujafunga kitu. Hata Mghoi aliapa. Kuna ndugu wasiosalimiana kwa sababu wanadhani ndivyo unavyotaka wewe. Kuna mtu aliacha kuja hapa kanisani kwa sababu rafiki yako alimwambia kiti kile ni chako.

Leo, kabla hujaonja chakula cha mchana, mwendee mmoja asiyekupenda umuulize ni nini kimefungwa kwa jina lako. Atakapokujibu, usijieleze. Nenda kafungue.