Jumbe Ngiri na Bakuli la Haiwashi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kinu, pakawa mchi, pakawa mwanamke mwenye hasira za kutwanga.

— Twanga, bibi, twanga!

Nitwange kavu au nitwange na maji?

— Vyovyote, mradi tusipige chafya!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa huko mwisho, usije ukanikatia ngano katikati.

Hapo zamani, zamani za kale, watu hawajajua kutia kitu kwenye chakula ila chumvi, palikuwa na nchi ya wanyama iitwayo Kiwashani. Jumbe wa nchi hiyo alikuwa Ngiri, yule wa meno yaliyopinda, ambaye akikimbia mkia unasimama wima. Na nani alimpa ujumbe? Pilipili. Siku ya kumchagua jumbe, Ngiri alikula bakuli zima la pilipili kichaa mbele ya kadamnasi. Jicho kavu, pua kavu, akafuta mdomo, akasema, "Haiwashi."

Wanyama wakasema, "Huyu ndiye. Asiyeshindwa na pilipili hashindwi na nchi."

Eti! Mimi hapa nakula ndimu bila kukunja uso, mbona hamjanipa hata ubalozi wa nyumba kumi?

Sasa nawapa siri ambayo Kiwashani nzima hawakuwa nayo. Bakuli lile lilikuwa nyanya tupu. Fisi ndiye aliyelipika: nyanya zilizoiva na sukari guru kidogo, akakoroga mpaka likawa jekundu la kutisha. Kwa upishi huo Fisi akapewa uwaziri, na wengine wamepewa kwa upishi mbaya kuliko huo.

Ngiri alipokaa kitini akatoa sheria. Pakawekwa barazani bakuli kubwa la pilipili, pilipili ya kweli hii. Na mbele ya kiti chake bakuli lake dogo, lile mnalolijua. Mtu akitaka kusema neno barazani, kwanza achovye tonge kwenye bakuli kubwa. Fisi ataamuru: "Chovya! Meza! Sema!" Naye atameza, kisha atasema mara tatu: "Haiwashi, Jumbe, ni tamu tu." Asiyeweza, hana akili ya kutoa shauri. Na maji yalikuwa mwiko barazani. Anayeomba maji ametukana kiti.

Chovya! Meza! Semeni!

— Haiwashi, Jumbe, ni tamu tu!

Mngewaona basi. Nyumbu akichovya, machozi yanamtiririka, anasema ni moshi. Punda Milia akichovya, jasho linafuata mistari, anasema ni joto la mwezi huu. Nyani, mpiga mbiu wa Jumbe, akichovya, makamasi yanamfika kidevuni, anasema ni mafua, ukoo wao mzima wanayo. Na wote: haiwashi, haiwashi, haiwashi.

Wakirudi majumbani, kila mmoja na lake. Nyani alipenda embe bichi na chumvi, pilipili chembe moja tu, apate harufu. Nyumbu alipenda achari ya ndimu iliyolala juani mpaka ikalainika. Punda Milia hakutaka chochote chekundu sahanini, hata karoti. Na Fisi, huyohuyo wa "Chovya! Meza!", kwake alikunywa uji wa maziwa, tena mlango kaufunga kwa komeo. Lakini nani aseme hadharani? Aliyependa chakula cha pole aliitwa mtoto. Basi kila shauri la nchi lilianza kwa uongo, na shauri likishaanza hivyo halina haya ya kuendelea.

Baraza likawa linakula pilipili nyingi. Ngiri akapanua shamba. Shamba likataka maji. Ngiri akaenda kwenye kijito, akachimba kwa meno yake, akajenga tuta la udongo, kijito chote kikageukia kwenye pilipili. Likatokea bwawa zuri hatua chache kutoka barazani, na bondeni pakabaki mchanga.

Na bondeni ndiko alikokaa Bi Paa. Alikuwa amejifungua pacha, bado wananyonya. Mama asiyekunywa hana maziwa. Pacha wakavuta, wakavuta, wakalia, mwishowe wakaacha hata kulia. Hapo ndipo Bi Paa alipoogopa.

Akaenda barazani. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Jumbe. Nimekuja kwa ajili ya shamba lako la pilipili."

Ngiri akacheka. "Bi Paa, wahenga walisemaje? Pilipili iko shamba, yakuwashia nini?"

"Iko shamba, Jumbe," akasema Bi Paa, "lakini inakunywa—"

"Nyamaza!" Fisi akaruka. "Umesema kabla ya kuchovya. Chovya! Meza! Sema!"

Bi Paa akachovya. Akameza. Maskini, hakuwa mtu wa barazani, hakujua kwamba kuna moshi na mafua. Akasema alichokisikia. "Mama yangu, inawasha!"

Lo! Baraza lilishika vichwa. Nyumbu akafunika uso. Punda Milia akasema hajawahi kusikia matusi ya namna hiyo mbele ya wazee. Bi Paa akatolewa, na Nyani akapanda juu ya jiwe akapiga mbiu: "Bi Paa ameshindwa na tonge, atawezaje mambo ya nchi!"

Akarudi kwake. Pacha hawakuinuka kumlaki.

Siku ya pili akafanya akili. Akaupaka ulimi samli, tabaka juu ya tabaka, akaenda.

"Chovya! Meza! Sema!"

Akachovya. Akameza. Samli ikateleza ikaenda zake, pilipili ikabaki. Lakini Bi Paa akawafikiria wanawe, akauma meno, akasema:

"Haiwashi, Jumbe, ni tamu tu. Haiwashi, Jumbe, ni tamu tu. Haiwashi, Jumbe, ni tamu tu."

Vigelegele! Baraza likampigia makofi. Ngiri akasema kwa upole, "Umekuwa mtu mzima. Haya, sema shida yako."

Bi Paa akafungua mdomo. "Khh," akasema. "Khhh." Sauti imekwenda, koo limewaka moto, halitoi neno. Wakamngoja kidogo, kwa adabu. Kisha Nyani akapanda jiwe lake: "Bi Paa amepewa nafasi, na hana la kusema!"

Nanyi mnacheka. Mimi hapo sicheki, mimi hapo huwa nataka kumtafuta yule Nyani.

Akarudi bondeni akiambaa kando ya vichaka. Jirani yake Kanga akamwona. Kanga mnamjua, gauni la madoa na mdomo usiopumzika.

"Shoga, macho mekundu hivyo, nani kafa?"

"Hajafa mtu bado," akasema Bi Paa kwa sauti ya kukwaruza. Akamweleza yote, tonge, samli na makofi.

Kanga akashangaa. "Bakuli la pilipili ndilo linalokuzuia? Mbona mimi kila asubuhi naila palepale shambani kwake? Ananirushia madongoa kwa sababu namaliza."

"Haikuwashi?"

"Kuwasha ndiyo nini?"

Bi Paa akamtazama. Akadhani anafanyiwa mzaha. Lakini ndege ndivyo walivyo, pilipili kwao ni mboga kama mboga nyingine, na Kiwashani hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkaribisha ndege barazani. Walisema asiye na meno haonji.

"Twende," akasema Bi Paa. "Utanisemea."

Siku ya tatu wakaenda wawili. Bi Paa akasema, "Jumbe, koo langu bovu. Nimekuja na msemaji."

Fisi alipomwona Kanga akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Haya, kuku wa porini. Chovya! Meza! Sema!"

Kanga hakuchovya. Kanga alidonoa. Ko, ko, ko. Akadonoa tena. Ko, ko, ko.

"Sema!" akafoka Fisi.

"Niseme nini?"

"Sema haiwashi!"

"Ningesema, lakini silijui neno hilo," akasema Kanga. "Kwani nyinyi mkila hii mnasikia nini?"

Nani ajibu? Anayejibu amejitaja. Nyumbu akaangalia kwato zake. Punda Milia akahesabu mistari yake. Nyani akaanza kukohoa mafua ya ukoo.

Kanga alipoona hapewi jibu akaendelea kula. Ko, ko, ko, mpaka bakuli kubwa likang'aa. Akainua shingo, akaona bakuli dogo mbele ya kiti, na kabla mtu hajamzuia alikwisha ingiza mdomo.

"Hili nalo si baya," akasema. "Lina mbegu za nyanya."

Wanyama wote wakatazama juu, kama wanaotafuta dalili za mvua. Walisikia, wala hawakutaka kusikia.

Nyumbu, ambaye ujinga wake ni wa kweli na hana hila, akasema, "Jamani, sheria ni sheria. Jumbe ni yule anayeishinda pilipili kuliko wote. Kanga kala mabakuli mawili. Sasa jumbe ni nani?"

"Ni mimi!" akanguruma Ngiri.

"Basi kula," akasema Nyumbu.

"Nitaenda kuitwanga nyumbani," Fisi akadakia, "nina kinu changu—"

"Hapahapa," akasema Bi Paa kwa sauti yake ya kukwaruza. "Kinu kipo, shamba lile pale."

Ikachumwa. Ikatwangwa. Ikajazwa kwenye bakuli, nyanya hakuna, sukari guru hakuna. Ngiri akamtazama Fisi. Fisi akawa anatoa mwiba kwenye unyayo ambao haukuwa na mwiba. Na Ngiri angeweza kusema neno moja tu, "Inanishinda," akaenda zake nyumbani salama. Lakini kiti kitamu. Akala.

"Haiwa—" akasema.

Hakumaliza. Macho yalimtoka. Mkia ukasimama wima. Akatazama kulia, maji hakuna, yeye mwenyewe ndiye aliyeyapiga marufuku. Akatazama kushoto, maji hakuna. Akatazama mbele, akaliona bwawa, akatimka. Alikwenda kichwa chini hakuangalia, meno yakazama kwenye tuta, akafukua kutafuta maji, akafukua, akafukua, mpaka tuta likatoboka.

Wanyama wakatazamana. Jumbe amekimbilia maji! Kumbe yanaruhusiwa! Wakakurupuka wote na miaka yao yote ya moshi, joto na mafua, Nyumbu mbele, Fisi nyuma, Nyani kasahau mbiu, wakajirusha juu ya lile tuta lililokwisha toboka. Tuta likasema puu! Kijito kikarudi njia yake ya zamani, kikashuka bondeni kinakimbia.

Bi Paa akakifuata mbio. Akanywa mpaka tumbo likauma, akalala ubavu kwa wanawe. Mmoja akavuta. Akasita. Akavuta tena, na safari hii akameza. Wa pili akasikia mwenzake anameza, akaja. Bi Paa akalia, machozi mazuri, wala hakutaja moshi.

Ngiri alikuwa ameburutwa na maji mpaka hapo karibu. Yu ndani ya tope, ulimi nje, anaita, "Maji! Maji! Maji!"

Bi Paa akainua kichwa. "Ahsante, Jumbe. Neno lenyewe lilikuwa hilo moja tu. Siku tatu nakuja kwako kulisema."

Na Nyani? Alipokwisha kunywa alipanda jiwe, akatangaza: "Jumbe wetu mpendwa amewafungulia wananchi maji kwa meno yake mwenyewe!" Wakapiga makofi. Wangefanyaje, walikuwa wamezoea. Ila siku iliyofuata bakuli halikuonekana barazani, na Fisi akasema kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba yeye tangu utotoni ni mtu wa uji.

Funzo langu fupi. Pilipili ni ya ulimi, si ya cheo. Apendaye kali ale kali, apendaye pole ale pole, asiyependa kabisa apishe sahani. Lakini mtu akikuambia kwamba huwezi kumweleza shida yako mpaka kwanza usifu kinachokuunguza, ujue huyo hataki kusikia.

Ngano yangu imefika kwenye mfuniko wa chungu, naufunika. Ikiwa imekolea, sifa tugawane. Ikiwa chapwa, chumvi iko jikoni, jitilieni wenyewe. Na anayetaka kujua Kanga alitaga mayai mangapi mwaka ule, akamwulize mwenyewe. Mimi nilipofika nilikuta maganda.