Kwa Nini Ufagio Hauingii Shamba la Tangawizi

Zamani hizo, milimani kwetu, majani makavu hayakuwa na kazi. Shamba lilifagiwa kama uwanja wa nyumba, likabaki jekundu na tupu, na mwanamke alisifiwa kwa hilo. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Na kwa usafi huo hakuna aliyemfikia Nakijwa. Umande haujakauka, yeye tayari ameinama na ufagio wake kati ya matuta ya tangawizi.

Aliishi na mama yake, Bi Nanzighe, mtu mzima aliyesumbuliwa na kifua. Kila jioni Nakijwa alimpondea tangawizi, akaichemsha, akamnywesha. Kikohozi kikatulia, mama akapata usingizi. Dawa nyingine haikuwapo, na tangawizi yao yote ilikuwa kwenye shamba lile.

Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka udongo ukapasuka. Mama akajikokota hadi shambani, akatandaza nyasi kavu na majani ya migomba juu ya tuta moja. Nakijwa alipoona, aibu ilimshika. Akayazoa yote, pamoja na vipande vya tangawizi vilivyong'oka, akayatupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba.

"Mwanangu," mama akamwambia taratibu, "mimi nikisikia baridi unanifunika. Huu udongo unaoungua, nani ataufunika?"

"Mama, watu watatucheka," akajibu, akaendelea kufagia. Masikini Nakijwa! Laiti angeutupa ule ufagio palepale.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa kishindo, isikute cha kuipunguza nguvu. Ikauzoa udongo na kuushusha bondeni, na tangawizi ikabaki wazi, ikaoza. Kifua cha mama kikabana tena. Nakijwa alichimba tuta baada ya tuta asipate kitu. Akabisha hodi kwa majirani, lakini mashamba yao nayo yalikuwa yamefagiwa vilevile. Mama akakata roho akiwa amemshika mkono.

Matanga yalipokwisha, Nakijwa alikwenda kumwaga majivu shimoni. Kati ya majani yaliyoanza kuoza akaona machipukizi mabichi. Akafukua kwa mikono. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu, na ndani yake tangawizi nono, imekunja vidole kama mkono wa mtu mzima. Ilikuwapo muda wote, karibu kabisa na kitanda cha mgonjwa.

"Mama, dawa ilikuwapo," akasema. Akaketi palepale kwenye takataka, na hakujali tena nani anapita wala nani anacheka. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Na tangu siku hiyo, milimani kwetu ufagio hauingii shamba la tangawizi. Mtu akishapanda hufunika matuta kwa nyasi na majani makavu, ili jua lisiuchome udongo na mvua isiuchukue. Na tangawizi ya kwanza kuchimbwa haipelekwi sokoni. Hupelekwa kwa mzee wa nyumba, kama bado yupo.