Mistari ya Woga

Kijana aliyeshika uongozi wa chumba cha programu hospitalini aliitwa Wembe, na jina hilo hakupewa bure. Lolote aliloliona halina kazi, alilikata. Ile programu ya kukokotoa dozi aliipunguza hadi ikawa inafunguka kufumba na kufumbua, na wauguzi wakamsifu, akiwamo mkewe aliyefanya kazi wodi ya watoto.

Zikabaki hatua za ukaguzi. Ndani ya programu mlijaa mistari iliyoandikwa enzi za majaribio: hapa inahakikisha kwamba uzito ni wa mgonjwa huyu na si wa mwingine, pale inaweka kumbukumbu ya kila tarakimu iliyoonyeshwa kwenye skrini. Aliyeiandika alikuwa mama mmoja mwenye mvi, aliyebakiza miezi miwili kustaafu. Vijana walimpachika jina la Mama Breki.

"Mama, hii ni mistari ya woga," Wembe alimwambia. "Miaka sita haijanasa kosa hata moja. Programu imekomaa, bado tunaishika mkono?"

"Miaka sita haijanasa, sawa. Huo wa saba unaujua una nini, mwanangu?"

"Inapunguza kasi. Inajaza diski."

"Basi nunua diski. Angalau hizo kumbukumbu ziache."

Wembe alicheka, tena mbele ya watu, akasema fundi anayeiogopa nyumba aliyoijenga mwenyewe bora ahamie hemani. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama yule akarudi kitini kwake. Kabla ya chakula cha mchana mistari yote ilikuwa imefutwa.

Miezi mitano ikapita, shwari kabisa. Asubuhi moja wodi ya watoto ikazidiwa. Wauguzi wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, walifungua faili za vitanda viwili kwa sekunde ile ile. Programu ikachanganya: mtoto wa kilo tisa akapangiwa dozi ya jirani yake wa kilo kumi na tisa. Skrini ilionyesha mililita tu. Mke wa Wembe akazisoma, akavuta dawa kwenye sindano, akachoma. Saa sita mchana mtoto yule alikuwa amefariki.

"Nilichoma kilichoandikwa," mkewe alisema, akarudia, akarudia tena. Lakini faili ilipofunguliwa upya, ilionyesha dozi sahihi.

Wembe alielewa mara moja kwamba skrini ndiyo iliyokosea. Siku tatu alijaribu kulirudisha kosa lile mbele ya mashahidi. Alifungua faili mbili mbili mamia ya mara, na kila mara programu ilijibu sawasawa, kana kwamba inamsuta.

Kamati ya nidhamu ilipoketi, alisimama akaeleza yote bila kujificha.

"Kuna kumbukumbu yoyote ya kilichokuwa kwenye skrini?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna. Mistari iliyokuwa ikiiweka niliifuta mimi."

"Na huyu muuguzi ni nani wako?"

"Mke wangu."

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba mume kujitwisha mzigo wa mkewe ni jambo la kueleweka, ila si ushahidi. Ikaandikwa kwamba muuguzi alichanganya wagonjwa. Leseni yake ikafutwa, na jalada likapelekwa polisi.

Walipotoka, mkewe alikaa kwenye benchi la korido, akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Ile mistari ingekuwapo," aliuliza, "wangeniamini?"

Wembe alitamani kumdanganya, akashindwa.

"Ingekuwapo," alisema, "programu ingesimama yenyewe. Usingechoma."

Mkewe alilia kwa sauti hadi watu wakachungulia milangoni. Wembe alisimama pale asijue hata pa kuweka mikono, yeye aliyewacheka wanaojilinda na makosa akidhani makosa yamekoma kuzaliwa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.