Jua la Bibi Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mwaitikia kwa sauti ya usingizi? Na wakubwa nao waitikie, wasijifanye wamekuja kuwasindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja. Leo msitarajie nicheke sana, maana hadithi hii kila nikiisimulia inanipandisha hasira, na hasira yenyewe si ya leo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja waliingiliwa na ugonjwa. Ulianza kwa kikohozi. Koho, koho, koho. Leo mnyama anakohoa, kesho yuko kitandani, keshokutwa hayupo. Digidigi alikwenda. Mkewe akamfuata. Swala akaenda kuhani msiba, akarudi anakohoa, naye akaenda vilevile.

Mkuu wa bonde alikuwa Kiboko. Akapanda ukingoni mwa bwawa, akatangaza amri. Kila mnyama akae ndani kwake, asitoe hata pua. Ruhusa za kutoka ni mbili tu. Ya kwanza kuchuma chakula, mmoja kwa kila nyumba, tena upesi. Ya pili kuzika, na wazikaji wawe wawili. Askari wa kuisimamia amri ile akawa Ngiri.

Nisikilizeni vizuri hapa, nisije nikasingiziwa. Amri ile mimi siilaumu. Ugonjwa ulikuwa unaua, na mwenye akili alikaa ndani. Ninachokilaumu kinakuja, ngojeni.

Kiboko nyumba yake ni bwawa. Kabla ya ugonjwa alishinda bwawani. Wakati wa ugonjwa alishinda bwawani. Kwake kufungiwa kulikuwa siku kama siku nyingine. Sasa mtazameni Pelele. Pelele ni mnyama mdogo wa majabalini, mnene mnene, hana mkia, anaishi ndani ya mapango ya mawe. Mwili wake una baridi. Kila asubuhi hutoka, hujilaza juu ya jiwe, akapigwa na jua mpaka damu itembee, ndipo ale. Asipoota jua anakakamaa. Bonde zima lilijua hivyo. Je, kuna aliyewauliza pelele watafanyaje? Hakuna. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bwawa hamjui mwenye baridi.

Basi katika pango moja alikaa pelele mmoja, mama wa watoto watatu, jina lake Mize. Alikaa na mama yake mzazi, Bibi Kidawa. Bibi alikuwa mzee hasa, meno mawili, maneno mengi. Siku ya kwanza ya kufungiwa alinung'unika. Siku ya pili alinung'unika kidogo. Siku ya tatu akanyamaza, na Mize akajua hapo pana hatari. Miguu ya bibi ilikuwa migumu kama kuni, na nyasi aliyowekewa aliiacha.

Siku ya nne watoto wakaona kitu sakafuni. Juu ya pango palikuwa na ufa mwembamba, na jua lilipofika mahali fulani likapenya. Likaanguka chini, duara dogo, ukubwa wa kawa la kufunikia sahani. Watoto wakamsukuma bibi polepole mpaka tumbo lake likaingia ndani ya duara lile. Bibi akavuta pumzi. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tangu siku hiyo jua lile likaitwa Mgeni. Kila asubuhi Mize alifagia sakafu, maana mgeni hakaribishwi penye uchafu. Mgeni akifika, bibi kwanza. Mgeni hatulii, anatambaa sakafuni, nao wanatambaa naye, sogea, sogea, sogea. Akikaribia ukutani ni zamu ya watoto, mmoja anaotesha mgongo, mwingine pua. Yule mdogo alikuwa anaweka jani lake ndani ya jua lipate moto kidogo, ndipo alile, akadai lina ladha ya nje. Jirani wa upande wa pili naye alikuwa na ufa wake. Mgeni akifika kule, jirani anagonga ukuta, tok tok tok. Akifika huku, Mize anajibu, tok tok tok. Hawakuonana, lakini walijua wote wazima.

Bibi akaanza tena kula. Akaanza tena kunung'unika. Siku moja, kwa furaha tu, akaimba:

*Mgeni wetu hana miguu, sogea,*
*Mgeni wetu katoka juu, sogea,*
*Kaja na moto bila ya kuni, sogea, sogea.*

Watoto wakaitikia. Mnaona ubaya gani hapo? Hata mimi siuoni.

Lakini Ngiri aliuona. Alikuwa anapita doria, gudu gudu gudu, akasikia wimbo. Akazunguka jabali, akaukuta ufa. Akasema hili tundu ni njia ya kwenda nje, na amri ya kukaa ndani maana yake kila nyumba iwe na mlango mmoja. Mize akamwambia ufa ule hata nyuki hapiti. Akamweleza habari za bibi. Akambembeleza kwa jina la mama yake aliyemzaa. Ngiri akasema, "Mimi natumwa tu." Akasukuma jiwe kwa pembe zake. Gubu! Pango likawa giza. Akaenda kwa jirani pia. Gubu!

Natumwa tu! Neno hili mimi nalichukia kuliko tusi. Mguu uliokwenda ni wako, pembe zilizosukuma ni zako, halafu unatumwa tu.

Siku mbili zikapita. Bibi akaacha kula. Watoto wakamlalia pande zote wampe joto, lakini nao walikuwa wa baridi, na baridi mbili hazizai moto. Mize akaenda mlangoni, akamwita Ngiri. Akaomba jambo moja: bibi alazwe peke yake juu ya jiwe, nusu asubuhi tu, asikaribiwe na yeyote, kisha arudishwe ndani. Ngiri akaenda kwa Kiboko, akarudi. Mdomo wake ulikuwa umelowa maji ya tikiti.

"Mkuu amekataa," akasema. "Ruhusa ni kuchuma na kuzika."

"Kwa hiyo mama yangu akifa atatoka?"

"Akifa atatoka."

"Na akiwa hai?"

"Akiwa hai akae ndani."

Mize alirudi ndani akakaa kitako. Bibi alikuwa amesikia yote. Akafumbua jicho moja, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwanangu, nife. Nife kesho, jua likiwa zuri."

Kulipokucha, kilio. Mize alilia, na watoto wakalia, na jirani akalia nyuma ya ukuta. Ngiri akaja mbio. Akatoa pole, akatamka ruhusa ya kuzika, wazikaji wawili, akakaa mbali na jani puani. Mize na jirani wakamtoa bibi amefunikwa nyasi, wakamlaza juu ya jiwe, wakamfunua. Ngiri akauliza mbona hawachimbi. Mize akamkumbusha mila: maiti ya pelele hazikwi baridi, lazima aoteshwe jua mpaka tumbo lipate joto, ndipo aingie ardhini. Ngiri aliijua mila hiyo, hakuweza kuipinga.

Jua likapanda. Bibi kimya. Ngiri akasema yatosha, chimbeni. Mize akagusa tumbo, akasema bado wa baridi.

Jua likapanda tena. Bibi kimya. Ngiri akasema yatosha. Mize akagusa, akasema bado wa baridi. Na safari hii hakuwa anaigiza. Tumbo lilikuwa baridi kweli, na pumzi hakuiona. Akajiuliza kama amechelewa. Machozi yakamtoka, haya ya kweli sasa, na yule jirani akageuza uso.

Jua likapanda, jiwe likapata moto. Ngiri akasimama, akasema nawapa mimi amri, chimbeni. Mize akainama agusishe sikio kifuani. Hapo bibi akasema, "Mize, nigeuze. Upande huu umeshaiva."

Lo! Ngiri alirudi kinyumenyume mpaka akakalia miiba. Kisha akaona ametiwa aibu, akapiga kelele kumwita mkuu. Kiboko akaja. Wala hakuja peke yake. Alitoka bwawani na Fisi, na Nyani, na wazee wote wa baraza, bega kwa bega, midomo imelowa maji ya tikiti kama ya Ngiri. Hakuna aliyefunika pua. Bonde zima lilikuwa linachungulia milangoni, likawaona. Nyani akasema kile kilikuwa kikao. Kikao, jamani, chenye ngoma.

Kiboko akafoka. Akasema asubuhi amekwisha kutangaza kifo cha Bibi Kidawa, na neno la mkuu halirudi nyuma.

"Lisirudi, mheshimiwa," bibi akasema. "Acha nibaki nimekufa. Amri yako ni ya walio hai, mimi imenipita." Akajigeuza upande wa pili.

Kiboko akawageuzia mgongo. Akarudi bwawani.

Kesho yake alikufa jirani. Keshokutwa pelele wa jabali la tatu. Wiki haikwisha, pelele wote walikuwa wamekufa. Kila asubuhi maiti zilitoka, kila moja na jiwe lake, mbali na mwenzake, hakuna kugusana. Zikiisha kupata moto, zilirudi ndani zenyewe na kukaa mpaka kesho, kwa sababu ugonjwa ulikuwapo na pelele si wajinga. Hakukohoa hata mmoja. Waliokohoa ni wale wa kikao.

Miezi ikapita, ugonjwa ukaisha. Mnadhani Kiboko aliomba radhi? Aliita mkutano kujishukuru. Alisimama mbele ya bonde zima, akasifu amri yake, kisha akasema sasa tutawataja marehemu, tuwakumbuke.

"Bibi Kidawa!"

"Abee," bibi akaitika. Alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Wanyama wakaguna. Kiboko akaita wa pili, jirani. "Naam." Akaita wa tatu. "Labeka." Pelele wote wakaitika, mmoja mmoja, na watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiboko akaharakisha ili yaishe.

"Digidigi!"

Kimya.

"Mke wa Digidigi!"

Kimya.

"Swala!"

Watoto waliacha kucheka. Mahali pale palikuwa pamejaa wanyama, na hakuna aliyeitika. Bibi Kidawa akainuka kwa miguu yake miwili ya nyuma, akamtazama Kiboko. Akasema, "Hao ndio marehemu wako. Kikao cha tikiti ulikifanya, cha kuwalilia hao hukukifanya." Kiboko akatazama chini, na hakutaja jina jingine.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mliojikunyata huko nyuma, funzo ni hili, wala silifichi. Siku ya shida kukaa ndani ni haki, na kajua kadogo kanakopenya ufa ni riziki, kapokeeni na mkafagilie. Lakini anayeziba ufa wa mnyonge huku yeye anakula tikiti na wenzake, huyo halindi uhai wa mtu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye hasira kama yangu aibebe aende nayo, mimi nimeshaitua.