Ngiri na Ikulu ya Kichuguuni

Hadithi!
— Njoo!
Ipitie wapi?
— Mlangoni!
Mlango umefungwa!
— Dirishani!
Dirisha halipo!
— Basi toboa ukuta, tunasubiri!

Haya, nimetoboa. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii nikiianza hata mbu hunyamaza. Na kama kuna mtu aliisikia tofauti, aliisikia kwa mtu asiyejua.

Hapo kale palikuwa na kichuguu. Kichuguu kirefu, chekundu, chenye tundu zuri ubavuni. Ndani ya tundu alikaa Bi Nguchiro na wanawe sita. Jua likiwaka, ndani baridi. Mvua ikinyesha, ndani pakavu. Na siku hizo mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, ngu-ngu-ngu! Mtoto wa nguchiro akilowa siku mbili, ya tatu humpati tena.

Ndipo akaja Ngiri. Puu! Puu! Puu!

Ngiri alikuwa na meno yanayochomoza mdomoni kama mapembe, na alikuwa na shimo lake mtoni, na lingine bondeni, na la tatu hakumbuki aliliacha wapi. Hakubisha hodi. Aliingiza kichwa, akachokoa kwa meno, akapanua mlango, akaingia.

"Bwana Ngiri, humu mna watu!"

"Nawaona. Tokeni."

"Lakini shemeji, wewe una mashimo matatu!"

"Na hili la nne. Wewe unajua kuhesabu, mimi najua kuchukua."

Wakatoka. Wakajibanza chini ya kichaka cha miiba.

"Mama, mvua inakuja!"

"Naisikia. Nyamazeni, nafikiri."

Akafikiri. Akafikiri mpaka masharubu yakamcheza.

Kulipokucha akarudi kichuguuni, akasimama mbali kidogo.

"Hodi, shemeji!"

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kukupa pole. Watu wanasema Ngiri anakaa kwenye tundu. Nimewakatalia! Nimewaambia, nilipokaa mimi lilikuwa tundu. Akikaa mtu mzito kama yule, hiyo ni nyumba."

Ngiri akatoa pua nje. "Nyumba?"

"Nyumba."

"Wanajua wote?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini? Nenda kawaambie!"

Bi Nguchiro akaenda, akawaambia Kanga. Kanga ni watu wa adabu. Jirani akihamia nyumba mpya, sharti wakamwone, na hawaendi mikono mitupu. Wakaja arobaini, kila mmoja na kijikapu cha mbegu. Hodi! Hodi! Hodi! Mara arobaini. Ngiri akala mbegu zote, krau, krau, krau, akajipangusa mdomo. Lakini Kanga hawakuondoka.

"Mnangoja nini?"

"Vikapu vyetu, Bwana Ngiri."

"Si hivyo hapo?"

"Vitupu? Unaturudishia vikapu vitupu, kama watu tuliogombana?"

Na wakaanza kupiga kelele, na kelele za kanga mnazijua. Ngiri akakimbia porini, akachimba viazi mwitu mpaka kwato zikamuuma, akajaza vikapu arobaini. Kanga wakashukuru, wakaenda zao.

"Umeiona heshima?" Bi Nguchiro akamwuliza.

"Nimeiona. Imenichosha."

"Kwa sababu ni nyumba tu. Lingekuwa jumba, wangekuja wenye makapu makubwa."

Ngiri akasahau kwato zake. "Makubwa kiasi gani?"

"Unaweza kulala ndani."

"Basi ni jumba. Nenda kawaambie!"

Akaenda, akawaambia Nyani. Sasa, jumba lina baraza, na baraza ni ya wapita njia wote. Nyani wakaja na kapu moja la ukwaju, wakalila wenyewe, wakakaa. Wakachora bao chini, wakacheza. Wakatafuna, wakatema, ptu! Ngiri akitoka, wanamwuliza anakwenda wapi. Akirudi, wanamwuliza katoka wapi, na kaleta nini.

"Mwenye jumba, kahawa haijachemka?"

"Mwenye jumba, huu ukuta wako umepinda. Nani alikujengea?"

"Mwenye jumba, umekonda. Mkeo yuko wapi?"

Siku ya tatu Ngiri akamwita Bi Nguchiro pembeni. "Hawa wanaondoka lini?"

"Kwenye jumba? Hawaondoki. Kwenye kasri ndiko kuna walinzi, huwaondoa watu kama hawa."

"Basi kasri! Kasri, kasri, kasri! Niletee walinzi!"

Akamletea Nungunungu wawili, wanene. Nungunungu wakatikisa miiba, cha-cha-cha! Nyani wakakimbia, wakasahau na kete zao. Ngiri akacheka mpaka akajikwaa. Kisha akataka kuingia ndani.

"Simama! Nani wewe?"

"Mimi ndiye mwenye kasri!"

"Kila mtu husema hivyo."

Wakambishia mpaka jua likawa utosini. Mwisho wakamruhusu, lakini walinzi nao wanakaa humo humo ndani, na chakula ni juu ya mwenyewe. Ngiri akigeukia kulia, choma! Akigeukia kushoto, choma!

Ngiri akatoka akiwa na mwiba puani. "Bi Nguchiro, hakuna jina ambalo watu wanaleta tu, hawakai, hawaulizi, wala hawachomi?"

Bi Nguchiro akatazama juu. Tone la kwanza likamdondokea puani, to! Kule kichakani wanawe walikuwa wamekumbatiana kama uyoga.

"Lipo moja, shemeji. Ila ni zito. Hutaliweza."

"Mimi? Mimi Ngiri nisiliweze? Litaje!"

"Ikulu. Ikulu kila mtu hupeleka, hata asiyetaka. Lakini lazima iwe na bendera."

"Bendera nitaitoa wapi?"

"Si mkia huo? Usimamishe wima mlangoni. Usiushushe, hata ukipiga chafya."

Ngiri akasimamisha mkia, tiii! Akasimama mlangoni, kifua mbele, akingoja kuletewa.

Bi Nguchiro yeye akaondoka mbio, hakwenda kwa Kanga wala Nyani. Alikwenda kwa Simba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kukukaribisha. Tumefurahi sana ulivyohamia kwetu."

"Nimehamia wapi?"

"Kwani si wewe? Kule kichuguuni kuna ikulu, bendera imepanda. Nikasema lazima ni baba. Nani mwingine?"

Simba akanyamaza. Simba akinguruma, una muda wa kukimbia. Akinyamaza, aga watu wako. Akainuka, akatembea polepole, Bi Nguchiro nyuma yake, mpaka kichuguuni. Nungunungu walipomwona, ule ulinzi ukaisha hapo hapo.

"Ikulu hii ni ya nani?"

Ngiri akadakia: "Ikulu? Nani kasema ikulu, baba? Ni kasri tu."

Simba akapiga hatua moja.

"Kasri ndogo. Ni kama jumba."

Hatua ya pili.

"Nyumba, baba! Nyumba ya kawaida, inavuja!"

Hatua ya tatu. Ngiri akaziona ndevu za Simba moja moja.

"Tundu! Ni tundu! Tundu la Bi Nguchiro, mimi napita tu!"

Simba akamgeukia Bi Nguchiro. "Kweli?"

"Kweli, baba. Ni tundu langu na wanangu. Bwana Ngiri ametusaidia kupanua mlango."

"Na ile bendera?"

Wote wakautazama mkia. Ngiri akajaribu kuushusha, haukushuka. Ulikuwa umekakamaa kwa kusimama. Ngiri akamtazama Simba, Simba akautazama mkia, na ghafla, fyuuu! Ngiri huyo, mkia juu, vumbi nyuma. Hata leo mkikutana naye akikimbia, mtauona.

Simba alimfukuza kidogo, kisha mvua ikashuka, chwaaa! Simba hapendi kulowesha nywele, akarudi kwake. Bi Nguchiro akawasukumia wanawe ndani, mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, wote wakavu isipokuwa masikio.

Basi, funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba uongo haufai hata kidogo. Mtazameni Bi Nguchiro: alidanganya wiki nzima, akapata nini? Tundu. Ngiri alisema kweli mara moja tu, akapewa mbuga nzima ya kukimbilia.

Nimemaliza. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda anirudishie nzima, asipunguze neno.