Kwa Nini Njia ya Ng'ombe Inapinda Shilanga

Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole. Mmeniuliza kwa nini njia ya ng'ombe ya Shilanga inakwenda moja kwa moja, halafu inapinda ghafla na kulizunguka bonde zima, ilhali mwenye haraka angekatiza katikati akafika mapema. Msidhani walioifungua walikuwa wamelewa.

Zama hizo bonde lilikuwa msitu wa migunga, na katikati yake palikuwa na chemchemi. Kwenye migunga walilala ndege waitwao kwelea, na kulipopambazuka walishuka mashambani wakaumaliza mtama. Watu wakachoka. Wakasema, tukiwanyima pa kulala watahama wenyewe. Wakashika mashoka, wakakata miti yote, wakacheza ngoma. Kwelea wakahama kweli, maghala yakajaa, na kila mtu akajiona mjanja kupindukia.

Kisha wakaingiza ng'ombe bondeni, maana sasa palikuwa peupe. Nyasi zikaliwa hadi kwenye mizizi, ardhi ikakanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na mvua iliponyesha maji yaliteleza juu kwa juu yakaenda zake. Chemchemi ikageuka tope, tope likageuka vumbi. Mtemi Ngassa, mtawala wa nchi ile, akatangaza kuwa misimu miwili ya mvua ikipita bila maji kurudi, wote watahama.

Minza alilisikia tangazo akiwa amempakata binti yake mchanga, Nkwimba. Mama yake alikuwa amezikwa pale pale, juu kidogo ya chemchemi.

"Mimi siendi popote," alisema.

Lugiko, mumewe, akacheka kwa uchungu. "Utamnywesha mtoto vumbi?"

Waliomtia moyo ni mbuzi. Aliwaona kila asubuhi wakikimbilia visiki vilevile, akajiuliza wanafuata nini. Akainama, akakuta vichipukizi vidogo kama kucha. Akachimba kwa jembe, akagusa mzizi, nao ulikuwa na unyevu. Loo! Miti haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa ikichipua kila siku na kuliwa kila siku.

Akaenda kwa Mtemi, akapiga magoti. "Mtemi, nakuomba bonde. Kwato isikanyage humo mpaka maji yarudi."

Wazee wakaguna. Mtemi akauliza, "Na ng'ombe atakayeingia?"

"Achinjwe, aliwe na kijiji kizima, awe wa nani awe."

Basi ikawa sheria. Minza akalizungushia bonde boma la matawi ya miiba, mikono ikamchubuka, watu wakamcheka na kumwita Mama Visiki. Kwenye kila kisiki aliacha chipukizi moja lililonona, mengine akayapunguza. Mvua za kwanza zikaleta nyasi, lakini chemchemi ikabaki kavu.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Ukijani wote wa nchi ile ulibaki ndani ya boma la Minza, na wachungaji walipita nje wakiutolea macho. Asubuhi moja akakuta miiba imesukumwa kando, na ndani yake ng'ombe amesimama anakula kwa raha zake. Alikuwa Madoa, ng'ombe wake mwenyewe, urithi kutoka kwa marehemu mama yake. Maziwa ya Nkwimba yalitoka kwake.

Lugiko akaja mbio. "Mtoe haraka! Hakuna aliyeona!"

Minza alitamani sana kumtoa. Lakini alijua neno lingevuja tu, na kabla ya jua kuzama kila mchungaji angekuwa ametoboa tundu lake kwenye boma. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Akamshika Madoa shingo, akampapasa kama alivyozoea, kisha akamgeukia mumewe. "Kawaite watu. Na kisu uje nacho."

Jamani, Madoa akachinjwa, akaliwa. Waliokuwa wakimwita Mama Visiki walikula wakitazama chini, na hakuna aliyeomba kuongezewa. Asubuhi iliyofuata Minza alifungua mlango akakuta vibuyu vya maziwa vimepangwa kizingitini, vingine vya watu ambao hata salamu walikuwa wamemnyima. Vikaendelea kuja hadi Nkwimba akaacha kunyonya vibuyu na kuanza kula ugali. Na boma halikuguswa tena.

Mvua za pili ziliponyesha, maji hayakuteleza. Nyasi ziliyashika, udongo ukayanywa, na chemchemi ikafumbua jicho lake. Mtemi akatangaza kuwa hakuna anayehama. Migunga ilipokua, kwelea nao wakarudi, naam, watu wakasonya! Lakini walirudi pamoja na vipanga wa kuwawinda, na watoto wakapewa kazi ya kupiga kelele mashambani. Mtama ukaliwa kidogo, ukavunwa mwingi.

Ingawa maji yalikuwa yamerudi, hakuna aliyetaka tena kuingiza ng'ombe bondeni, na tangu hapo njia inapinda. Pale kwenye kona Minza alitundika pembe za Madoa. Pembe hizo zilikwisha oza, naye Minza amelala kando ya mama yake, maji yakipita chini yao. Lakini mchungaji akifika konani, awe na haraka ya namna gani, husimama akasema, "Tunazunguka, Madoa," ndipo huwageuza ng'ombe wake.

Kesho mnapeleka ndama malishoni. Nitakuwa nimekaa hapo konani, na masikio yangu bado mazima.