Kijiji Kilichojifukuza

Jamani, naita!
— Tunaitika!
Nimebeba maneno!
— Yatue!
Yakinidondoka?
— Tutayaokota!

Haya basi. Mlio nyuma sogeeni, mlio mbele acheni kunong'ona.

Hapo kale, milima ilipokuwa bado na nywele kichwani, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwembago. Juu ya kijiji palikuwa na msitu. Ndani ya msitu palikuwa na chemchemi. Maji yake yalishuka, yakapita migombani, yakapita mashambani, yakafika majumbani. Watu walikunywa, wakapika, wakafua, wakasahau. Ndiyo, wakasahau. Wewe uliyecheka, leo asubuhi umeyakumbuka maji?

Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja, jina lake Mwanamvua. Alikuwa na binti mmoja tu, Mashavu. Mume wa Mashavu alikuwa safarini, na Mashavu mwenyewe mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Mwanamvua alisifika kwa jicho lake. Akitazama wayo mavumbini, atakwambia nani kapita, kabeba nini, na asubuhi hiyo kagombana na nani.

Siku moja watu walikwenda kuchota. Wakatia kata, kata ikagonga tope. Wakatia tena, tope. Wakatia mara ya tatu, tope na chura, na chura mwenyewe kakonda.

Wakapanda juu kutazama. Lo! Kutoka kijijini msitu ulionekana umesimama, lakini ukivuka miti ya ukingoni, ndani hamna kitu. Visiki. Visiki na jua. Kama kipara kilichofunikwa kofia.

Watu wakatazamana. Nisaidieni kuimba, maana wao waliimba hivi:

Nani kaumaliza msitu?
— Si mimi, si mimi!
Nani kaumaliza msitu?
— Si mimi, si mimi!
Basi umejimaliza wenyewe?
— Hatujui, hatujui!

Mkuu wa kijiji alikuwa Jumbe Semkiwa, mtu ambaye hasira zake hazikukaa mbali. Akachovya kidole kwenye tope la chemchemi, akajipaka kwenye paji la uso, akaapa mbele ya watu wote.

"Mwizi wa msitu huu," akasema, "awe mkubwa, awe mdogo, awe nani, siku atakayojulikana ndiyo siku atakayotoka kijijini. Na harudi mpaka arudishe alichochukua!"

"Na iwe!" watu wakaitika. Kila mtu alipaza sauti kuliko jirani yake.

Jumbe akamgeukia Mwanamvua. "Wewe mama mwenye jicho, nakupa siku tatu. Nitafutie mwizi."

"Nimesikia, Jumbe," akasema Mwanamvua, na moyoni akaona kazi ni nyepesi. Mwizi aliyemaliza msitu mzima atakosa kuacha alama?

Siku ya kwanza akapanda msituni. Akaona alama za gogo lililoburuzwa. Akazifuata. Zikashuka bonde, zikapita shamba la mihogo, zikaingia uani kwa Hozza, fundi wa kuchonga vinu. Hozza alikuwa amekaa juu ya gogo lenyewe, anachonga.

"Baba Hozza, mti huu?"

"Wa kinu cha harusi, mama. Mmoja tu. Mmoja kwa mwezi, wakati mwingine miwili. Mwizi mimi? Mwizi anamaliza msitu. Mimi na mti mmoja nimemaliza nini?"

Mwanamvua akafikiri. Kweli. Mti mmoja si msitu. Akaondoka.

Siku ya pili akapanda tena. Akaona alama za matawi yaliyoburuzwa. Akazifuata. Zikashuka bonde, zikapita shamba la maharage, zikaishia kwa Mama Nyange, mfinyanzi, mahali anapochomea vyungu vyake. Mama Nyange uso wote majivu.

"Mama Nyange, matawi haya?"

"Ya kuchomea vyungu, shoga. Ningevichoma kwa nini, kwa mate? Mzigo mmoja tu. Na wewe chungu unachopikia si changu? Bila hicho ungekula vibichi! Mtafute mwizi huko, usinipotezee moto wangu."

Mwanamvua akafikiri. Kweli. Mzigo mmoja si msitu. Akaondoka, lakini sasa kichwa kilianza kumzunguka. Amewapata watu wawili waliokata, wala hajampata mwizi. Visiki kule juu havina hesabu. Nani basi? Jitu? Jini? Watu wa kijiji kingine wanaokuja kwa kificho? Akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu, akachanganyikiwa, akaanza upya.

Siku ya tatu akapanda mapema. Akaona alama mpya, nyembamba, za kijiti kilichoburuzwa na mtu mwenye haraka. Akainama. Wayo mdogo, kisigino cha kushoto kinakanyaga kwa nguvu kuliko cha kulia.

"Huyu ni mwanamke," akajisemea. "Goti la kulia linamuuma. Na ana wasiwasi, anageukageuka nyuma. Huyu ndiye! Leo nimempata!"

Akafuata alama, macho chini. Zikashuka bonde. Zikapita migombani. Zikazunguka banda la kuku, zikaingia jikoni kwa mtu. Mwanamvua hakuinua macho. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akabisha kwa sauti ya kutisha:

"Hodi! Hodi humu! Mwizi, toka!"

Ndani ikajibu sauti anayoijua: "Mama, mbona unabisha hodi nyumbani kwako?"

Akainua macho. Ni Mashavu, mkono kiunoni, tumbo mbele. Na jiko ni lake. Na chungu ni chake. Na kijiti kinachowaka chini ya chungu, ncha moja bado mbichi, inatoka povu.

"Nani kaleta kijiti hiki?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Jana jioni, ulipotoka kumtafuta mwizi. Ukasema huwezi kurudi mikono mitupu. Na juzi ukaleta. Na siku iliyotangulia. Kila siku unaleta, mama. Unaumwa?"

Mwanamvua akakaa chini palepale mlangoni. Akashika goti lake la kulia, maana lilikuwa linamuuma. Aliweza kusoma nyayo za kijiji kizima, lakini zake hakuwahi kuzitazama.

Sasa nisikilizeni. Jumbe anasubiri. Kiapo kimekwisha kuliwa. Akimtaja Hozza, Hozza atatoka, na mtu wa mti mmoja atakuwa ameonewa. Akinyamaza, chemchemi itakufa. Akijitaja mwenyewe, atatoka kijijini, na Mashavu atajifungua peke yake, bila mama wala mume. Akageuza huku, akageuza kule. Mwizi ni yeye? Lakini yeye ni kijiti tu! Na Hozza ni mti mmoja tu, na Nyange ni mzigo mmoja tu. Sasa msitu umekwenda na nani?

Ndipo neno moja likamnasa kama mwiba. Tu. Kila mlango aliougonga ulikuwa na "tu" yake.

Akaenda kwa Jumbe. "Mwizi nimempata. Lakini kabla sijamtaja, amuru kila nyumba ilete uwanjani mfano wa inachochukua msituni kwa siku moja. Siku moja tu."

"Kwa nini?"

"Nataka mwizi ajione."

Jumbe hakuelewa, lakini akaamuru. Watu nao hawakuelewa, lakini wakaleta. Mmoja kijiti. Mmoja kitita cha kuni. Mmoja boriti ya kibanda, mmoja magome ya mzinga wa nyuki, mmoja fito za uzio. Kila aliyetupa chake alicheka. "Hiki nacho cha kuletwa?" Rundo likafika magotini. Likafika kiunoni. Likapita vichwa. Watu wa upande huu wakawa hawawaoni wa upande ule, na kicheko kikaanza kupungua. Mwishoni wakaja vijana wanne wakihema, wamebeba mti mzima wa mvule.

"Na huo wa nani?" akauliza Mwanamvua.

"Wa zizi la Jumbe," wakajibu.

Jumbe akakohoa. "Ng'ombe nao ni viumbe," akasema.

Mwanamvua akasimama mbele ya rundo. "Hii ni ya siku moja. Kesho lingine. Keshokutwa lingine. Zidisheni wenyewe."

Watu wakaanza kuzidisha, vidole vikawaishia.

"Mwizi wa kwanza ni mimi," akasema, huku akimtazama Mashavu aliyeshika tumbo. "Nimefuata nyayo zangu mpaka jikoni kwangu. Jumbe, nitoe."

Hozza akakuna kichwa, akasimama. "Wa pili mimi." Mama Nyange akafuta majivu usoni, akasimama. "Na mimi." Akasimama mwingine, na mwingine, mpaka hakubaki aliyekaa ila Jumbe Semkiwa. Watu wakamtazama. Jumbe akautazama mvule. Akasimama.

Hapo sasa ndipo pakawa na vurugu. Mwizi lazima atoke, kiapo kimeapwa. Lakini mwizi ni kijiji. Anayefukuza ni nani na anayefukuzwa ni nani? "Jumbe atufukuze!" "Jumbe naye mwizi, atamfukuza nani?" "Sisi tumfukuze yeye kwanza!" "Halafu sisi?" Wakazungushana hivyo mpaka jua likawa utosini. Kiapo cha chemchemi hakikuwa cha kuchezea. Kwa hiyo wakafunga mizigo. Mikeka, vyungu, kuku miguu juu. Wakatoka wote, wakasimama nje ya kijiji chao wenyewe, hawajui waelekee wapi.

"Twende kijiji cha jirani," mmoja akasema.

"Tukawaambie nini? Tumejifukuza?"

Mwanamvua akasema, "Kiapo kimetutaka tutoke. Hakikusema twende wapi. Kimesema turudishe. Basi twendeni kule tulikochukua."

Wakapanda. Wakatua mizigo kati ya visiki. Jamani, jua! Walitafuta kivuli wasikipate. Hozza akakaa upande huu wa kisiki, jua likamfuata. Akahamia upande ule, likamfuata. Kabla mizigo haijafunguliwa, Mashavu akapiga ukelele. Uchungu umemshika.

"Maji!" wakaita wakunga.

Watu wakakimbilia chemchemi. Wakaweka kibuyu chini ya jiwe. Tone. Wakangoja. Tone. Jumbe mwenyewe alipiga magoti kwenye tope, akakishika kibuyu kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Wanawake wakatandaza kanga zao juu ya Mashavu, hawa kona hii, hawa kona ile, wakawa wao ndio miti. Kibuyu kilipofika nusu, jua lilikuwa limeinama, na mtoto amekwisha kulia. Akaoshwa kwa nusu kibuyu hiyo. Mwanamvua aliikinga mikono yake chini ili yanayodondoka yasipotee, na hayo ndiyo aliyomnywesha bintiye. Jumbe alitazama pembeni, lakini mabega yake yalionekana yakitikisika.

Kuanzia kesho yake wakafanya kazi. Wakachimbua miche ukingoni, mivule, mikuyu, mikangazi, wakaipanda kati ya visiki. Siku ya saba Jumbe akauliza, "Je, tumerudisha?"

Mama Nyange akautazama mche wake. "Mimi nilichukua mizigo ya matawi. Nimerudisha majani mawili."

Wakachanganyikiwa upya. Kurudi nyumbani ni kuvunja kiapo. Kungoja mvule ukue ni kuzeekea porini. Wakamtazama Mwanamvua.

"Siku sita tukae nyumbani tulime," akasema. "Ya saba tutoke wote, tuje huku kulipa kwa jembe, mpaka miti yenyewe ituambie imetosha."

"Na miti itasemaje?" akauliza Jumbe.

"Sijui. Tutasikiliza."

Wakarudi. Mama Nyange akafinyanga majiko ya udongo yanayoshika moto ndani, kijiti kimoja kikawa kinaivisha kilichokuwa kinataka vitano. Hozza akachonga miti iliyoanguka yenyewe. Zizi la Jumbe likazungushiwa ua wa minyaa iliyo hai. Mwaka wa kwanza, chemchemi tope. Watu wakanung'unika. Mwaka wa pili, tope. Wengine wakataka kuacha, wakaona haya kuwa wa kwanza. Mwaka wa tatu, maji yakafika migombani. Ilichukua miaka mingine kufika majumbani, na nguvu za zamani hayakuzipata zote. Nisiwadanganye.

Miaka mingi baadaye msafiri mmoja alipita Kwembago. Akabisha hodi nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Kuku wapo, majiko yana joto, mtu hakuna. Nywele zikamsimama. Mara akamwona mwanamke mzee anatoka mbio mbio, kikapu cha miche kichwani. Ndiye Mwanamvua.

"Bibi, shikamoo! Kijiji hiki kimepatwa na nini? Vita?"

"Marahaba. La."

"Maradhi?"

"La."

"Basi watu wako wapi?"

"Wamefukuzwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe."

"Kwa kosa gani?"

"Wizi."

"Wote?"

"Wote. Na mimi nimechelewa, nipishe njia."

Msafiri akampisha. Akamwita kwa mbali, "Bibi! Na watarudi lini?"

"Jioni!"

Msafiri akakuna kichwa. Akainama kijitoni, akanywa maji ya baridi, akajaza kibuyu chake, akashika njia. Na kila alikofika alisimulia habari za kijiji hicho, wala hakuna aliyemwelewa.

Nilichobeba nimekitua.
— Tumekiona!
Mwenye kichwa ajitwike.
— Tumejitwika!
Asiyetaka akiache njiani.
— Mwingine atapita!